Karatasi ya Daktari na Mfuko wa Shati

Chumba cha Nyuma, Ghorofa ya Pili,
Juu ya Duka la Vioo.
Jumapili, tarehe 12 Mei.

Mpendwa Dada,

Hujambo wewe, na shemeji je? Mgongo wa Mama unaendeleaje, na mapacha wameacha kung'atana? Mimi sijambo. Dawa nameza asubuhi na jioni, na tangu nianze sijaanguka tena, tumshukuru Mungu.

Najua unajiuliza kwa nini nimekaa kimya wiki sita. Usijiambie kwamba kazi zilinizidi. Ukweli nitakuambia, ila nivumilie nianze mwanzo.

Nilipoanguka kiwandani, daktari aliniandikia cheti kifupi: apumzike siku kumi na nne. Nikakipeleka kwa karani wetu wa ofisini, yule tunayemwita Bi Faili. Akakigeuzageuza.

"Siku nimeziona. Ugonjwa uko wapi?"

Nikamwambia hiyo ni siri yangu na daktari.

"Hapa hakuna siri, kuna faili. Na mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nilikuwa naumwa kichwa, Dada, na bila saini yake hakuna likizo. Nikarudi kwa daktari, akaandika barua ndefu yenye ugonjwa kwa jina lake. Niliipeleka ndani ya bahasha niliyoifunga kwa gundi mwenyewe.

Niliporudi kazini, kwenye cherehani yangu alikaa mtu mwingine. Mimi nikapelekwa meza ya kushona vifungo kwa mkono, eti nisijichoshe. Kikombe changu cha chai nilikikuta kimetengwa dirishani. Jirani yangu wa kiti, tuliyekuwa tunagawana hata sindano, akasogea mbali. Kila niliyemuuliza alikuwa na pole nyingi, jibu hana.

Nikaanza kuwachunguza watu. Wa kwanza Bi Faili. Lakini barua aliifungia kabatini, na ufunguo huning'inia shingoni mwake hata akienda msalani. Nikamshuku nesi wa daktari, kwa kuwa anasuka nywele pamoja na msimamizi wetu. Nikamshuku hata mwenye nyumba, kwa sababu tu aliniuliza kama nalala vizuri. Wakicheka watu mwisho wa chumba, najua ni mimi.

Mwisho nikakushuku wewe. Ndiyo, Dada. Nje ya ofisi na hospitali niliyemwambia ni wewe peke yako, na wifi yako huleta vitambaa kiwandani kwetu kila mwezi. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako. Barua yako ya Aprili niliisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipoteleza. Uliandika "wote tunakuombea", na mimi nikauliza, wote akina nani? Ndiyo maana sikukujibu.

Basi Alhamisi iliyopita nilitumwa kwa mkata vitambaa, Fundi Mkasi, nikachukue mifuko ya mashati ya sare. Huyo ni bahili wa kupindukia. Vielelezo vyake vya kukatia havitengenezi kwa karatasi mpya; Bi Faili humshushia boksi la karatasi zilizoharibika ofisini, naye anazikatakata kwa umbo la mfuko, la kola, la mkono. Analaza juu ya kitambaa, anazungusha chaki, anakata. Kielelezo cha mfuko kilikuwa mezani, kimechakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Nikakigeuza. Upande wa pili ulikuwa na mwandiko wa daktari wangu: jina langu, na chini yake neno kifafa.

Hapo nikaelewa: Bi Faili alitoa nakala mbili za barua kwa mashine, moja ikatoka imepinda, akaitupa kwenye boksi. Ya kwanza ameifungia kabatini kwa ufunguo, ya pili imepita kila mkono chumbani.

Fundi Mkasi anasema, "Mimi naangalia vipimo, dada, mwandiko wa madaktari siuwezi." Simwamini sana.

Nilipekua rundo lake hadi nikapata nusu ya chini. Hiyo aliikata kwa umbo la kola. Hapo daktari ameandika: akitumia dawa, anaweza kuendelea na kazi yake ya cherehani. Lakini mashati ya msimu huu hayana kola, kwa hiyo ilikaa chini ya rundo na hakuna aliyeisoma.

Vipande vyote viwili ninavyo, chini ya godoro. Meneja anarudi safari Jumatatu ya tarehe 20, na saa mbili asubuhi naingia kwake navyo. Nataka cherehani yangu. Msimamizi ameanza kunichekea tangu Ijumaa, na kicheko chake sikipendi. Naogopa, sikufichi. Wanaweza kunirudisha, wanaweza kuniambia niende nyumbani nikapumzike moja kwa moja.

Nisamehe, Dada. Iliniuma kukuwazia hivyo, na inaniuma zaidi kwamba haikuwa vigumu. Ukinijibu, usiutaje ugonjwa. Andika mafua, nitaelewa. Na huyo wifi yako asiione barua hii, bado sijamaliza kumchunguza.

Msalimie Mama, umwambie nakula. Msalimie shemeji, na mapacha uwabusu kwa zamu wasije wakagombana. Mungu awafunike nyote na awape afya njema kuliko yangu.

Siku ile saa mbili, niombeeni wote. Ila sababu uijue wewe peke yako.

Wako akupendaye, hata alipokushuku,
Kitindamimba