Namba ya Kufuli la Tatu

Da Salima, dada yangu wa meza moja,

Jumatatu ile uliyohamia Milola nilipoteza vitu viwili: wewe, na namba ya kufuli la tatu. Simu yangu huipokei, basi naandika. Na nakala nimeibandika kwenye ubao wa matangazo hapa shuleni, sababu utaiona.

Unakumbuka darasa la tano lilivyokuwa likisinzia kwenye hesabu? Ukaja na mchezo wako wa kutoroka: darasa lihesabike limefungwa, asitoke mtu mpaka sanduku la bati lifunguke, na sanduku lina makufuli matatu ya namba. Kila kundi likokotoe. Jibu ndilo namba ya kufuli. Nikapiga hesabu: watoto hamsini na wawili, makundi manne, dakika arobaini. Nikakwambia haiwezekani. Ikawezekana. Zuhura, aliyekuwa akijificha nyuma ya mwenzake kila nikiuliza jedwali, alifungua kufuli la kwanza akapiga kigelegele. Nawe ukakiitikia.

Kilichotuharibia ni machungwa. Swali nilitunga mimi: mafungu ishirini na manne, kila fungu matano, mteja anaondoka na mangapi? Kufuli nikaliweka 120. Watoto wakazungusha 144, likagoma. Zuhura, ambaye mama yake anauza matunda sokoni, akauliza taratibu, "Mwalimu, na nyongeza je? Kila fungu, moja." Ukacheka, ukalibadili kufuli likawa 144. Hapo nikakukaripia mbele ya darasa, mwalimu wa zamu kasimama mlangoni: "Mtihani hautoi nyongeza. Unawafundisha umachinga."

Na mimi ndiye niliyejisomesha kwa korosho za kukaanga pale stendi, sikumuuzia mtu nisimwongezee punje.

Wiki mbili baadaye ukaondoka hata chai ya kuagana hukunywa. Hilo limeniuma, sitalificha. Sandukuni umewawekea watoto kitu. Makufuli mawili yanafunguka kwa namba za zamani. La tatu umelibadili, na swali lake hukuliacha. Kwa 120 linakataa, kwa 144 linakataa.

Nilimwita fundi na msumeno, kazi ya dakika mbili. Zuhura akalikalia sanduku. "Tukilikata hatujatoka, mwalimu. Tumetolewa." Tangu siku hiyo anajaribu namba moja moja kuanzia 000, thelathini kila mapumziko. Leo ni siku ya kumi na tatu, kamaliza 389. Zimebaki 610. Siku za masomo kabla ya kufunga shule ni kumi na tano, yaani namba 450. Huenda asifike, na nimeshindwa kumwambia. Naona anajua, maana ameanza kuzungusha kwa haraka.

Nilikuaibisha mbele za watu, kwa hiyo radhi nayo naiomba mbele za watu, ubaoni, kila mzazi asome. 144 lilikuwa jibu sahihi, dada. Nisamehe.

Milola pawe pema kwako, na watoto wa huko wakupende kama wa hapa.

Namba ya kufuli mtumie Zuhura, ni yake. Mimi nataka neno moja tu, ndiyo au siyo: uhamisho uliuomba kwa sababu yangu? Nijibu Alhamisi, kabla ya kengele ya saa nne, Zuhura hajaanza 480.

Mdogo wako wa meza moja,
Mwanahamisi