Mto Umekauka, Mama, Mawe Saba Tunayo

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu cherehani yako inyamaze katika chumba cha nyuma. Mtaa mzima ulikuita Mama Uzi. Sisi wanao tulikuita Mama tu, na ukikasirika tulikuamkia kwa mbali.

Ulishona sare za shule huku ukisimulia, pini mdomoni. Sungura alivuka mto kwa mawe saba. Fisi, kwa uroho wake, akazama kwenye la nne. Na ulikosea makusudi! Ukisema mawe sita, aliyekunasa ndiye aliyesimulia hadithi iliyofuata. Tusipokunasa, tulikunja nguo zote za wateja. Jamani, tumekunja nguo!

Kisha mvua zikakata, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mto wetu ukawa njia ya malori ya mchanga, nasi tukahamia huku mjini. Akaja bwana mmoja na kinasa sauti kurekodi hadithi zako, mtu mzuri tu, akakushauri: "Mama, watoto wa siku hizi mto hawaujui. Kwa nini kwenye hadithi usiweke bomba?"

Ukatoa pini mdomoni, moja moja. "Baba, sungura anavukaje bomba?"

Ulimsimulia kutwa nzima, ukakosea makusudi mara tatu. Hakukunasa hata mara moja.

Ulipoondoka tuliogopa, tuseme ukweli. Tulidhani umekwenda na mto wako, tukabaki na sauti yenye makosa.

Jumapili iliyopita tuliifungulia sauti hiyo sebuleni. Tulilia sana, hata hatukusikia unasema nini. Ulipofika kwenye "mawe sita", Kifungo, yule mjukuu aliyezoea kukaa chini ya cherehani yako, mtoto ambaye hajauona mto hata siku moja, akapiga meza: "Bibi kakosea! Ni saba!"

Kwa sheria yako, yeye ndiye aliyesimulia iliyofuata. Sisi watu wazima tulikunja nguo.

Basi jua na lichome litakavyo. Limekunywa mto wetu, lakini mawe saba halitayapata ng'o.

Unakumbukwa na mumeo (mpiga pasi wako kwa miaka arobaini), wanao watatu (mwalimu, dereva na fundi umeme), wakwe zako, na wajukuu tisa, Kifungo akiwa mbele.

Daima tutakukumbuka, Mama. Kosea tena, tuko macho.