Dakika Arobaini Bila Chaja

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho alichoonyesha, mtaani anaitwa Mwalimu Waya
Umri: miaka 71
Kazi: mwalimu wa fizikia, mstaafu
Makazi: nyumba ya tatu kutoka tangi la maji, nyuma ya soko la vitambaa
Yametolewa: kituo cha polisi, chumba cha maelezo, tarehe 9 Oktoba, saa 7:40 mchana

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na miwani yangu. Mimi ni bibi mzaa mama wa binti wa miaka kumi na tisa aliyewekwa ndani leo kwa tuhuma ya kuiba kompyuta mpakato. Najua kwamba maneno ya bibi hupunguzwa uzito, kwa hiyo nitasema niliyoyaona tu, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Mnamo tarehe 9 Oktoba, siku ya Alhamisi, saa 3:20 asubuhi, mimi na mjukuu wangu tuliingia katika duka la kompyuta zilizotumika lililo mkabala na ofisi ya posta. Studio moja ya muziki imemkubali kama mwanafunzi. Sharti lao ni kwamba Jumatatu afike na mashine yake mwenyewe, inayoweza kubeba kazi zao. Asipokuwa nayo, nafasi anapewa mwingine.

Hapa sina budi kueleza jambo, Afande, maana bila hilo yaliyofuata yataonekana kama wizi. Muziki anaoutengeneza mjukuu wangu hauna bendi. Kila sauti, iwe ngoma, besi au mwangwi, ni hesabu ambayo kompyuta inaifanya papo hapo wakati wimbo unacheza. Wimbo wake una traki arobaini na mbili, yaani sauti arobaini na mbili kwa mpigo, na mojawapo ni cherehani ya mama yake aliyoirekodi jikoni. Kompyuta ikishindwa kumaliza hesabu kabla ya sauti kufika sikioni, wimbo unakwaruza kama mchanga kwenye sufuria. Ndiyo maana hatukwenda kusoma karatasi zilizobandikwa juu ya mashine. Tulikwenda na wimbo wenyewe kwenye flashi.

(Ofisa alimwomba shahidi arudi dukani. Shahidi alikubali.)

Muuzaji alituletea mashine ya kwanza, yenye taa za rangi chini ya vitufe. Alisema, "Bi mkubwa, hii watu wanachezea magemu siku nzima. Muziki kitu gani?" Tuliwasha traki moja baada ya nyingine, na ilipofika ya kumi na tisa ikaanza kukwaruza. Ya pili ilibeba wimbo wote, lakini feni yake ilinguruma hivi kwamba mjukuu wangu alisema, "Bibi, hii nikirekodi mtu akiimba, feni nayo itadai jina lake liandikwe kwenye wimbo." Muuzaji alicheka, nami nikacheka.

Ya tatu aliitoa chini ya meza. Ilikuwa nyeusi, nene, herufi mbili zimefutika kwenye vitufe. Muuzaji alisema, "Hiyo ya kuandikia barua tu, msipoteze muda." Tulipoteza muda. Ilicheza traki zote arobaini na mbili, na feni yake niliisikia tu nilipoinama. Mjukuu wangu aliniminya kidole chini ya kaunta, kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka kitu asichothubutu kukiomba.

Sasa nafika kwenye kosa, na kosa ni langu. Kompyuta nyingi hupunguza nguvu zake zikichomolewa kwenye umeme. Mashine inayotamba kwenye soketi inaweza kulegea ikibaki na betri peke yake, na huko studio umeme hukatika kama kwingine. Kwa hiyo saa 5:10 asubuhi nilimwambia, "Chomoa chaja. Vaa hedifoni, cheza wimbo ukijirudia dakika arobaini, na kila dakika tano uandike daftarini chaji iliyobaki. Toka nayo mwangani uone kama kioo kinasomeka juani." Yeye alitii. Nimemfundisha kutii vipimo tangu ana miaka saba.

Wakati huo muuzaji alikuwa kwenye meza ya nyuma, akinifungulia kifuniko cha chini cha mashine nyingine ya aina ileile nione nafasi za kuongezea kumbukumbu. Nilimwambia, "Binti anatoka nayo kidogo, anapima betri." Alitikisa kichwa juu chini. Nilidhani amekubali. Lakini alikuwa ameshika skurubu nne kwa midomo, kama mafundi wafanyavyo, na nilipofikiri baadaye niliona kwamba mtu mwenye skurubu nne mdomoni hana namna nyingine ya kujibu. Huenda alikuwa anakubali. Huenda alikuwa anaitafuta skurubu ya tano. Siwezi kuapa. Yeye anasema hakunisikia, na mimi simwiti mwongo.

Mlinzi wa mlangoni hakuwa ameambiwa na yeyote. Saa 5:37 nilisikia akipaza sauti, "Wewe dada, rudi hapa," mara tatu. Tulitoka mbio, muuzaji mbele, mimi nyuma kwa kadiri ya magoti yangu. Nilimkuta mjukuu wangu mbele ya kibanda cha fundi viatu, duka la nne kutoka pale, mlinzi amemshika mkono wa juu. Hedifoni zilikuwa bado masikioni. Kompyuta ilikuwa wazi, ameibeba kwa mkono mmoja mbele ya kifua kama sinia, na penseli imo katikati ya meno. Uso wake ulielekea dukani. Mlinzi aliifunga mashine kwa kiganja, na wimbo ukakatika.

Mjukuu wangu alitoa penseli mdomoni, akavua hedifoni, akanitazama, akasema, "Bibi, zilibaki dakika kumi na tatu." Hakuwa ameelewa bado. Alielewa muuzaji aliposema neno "mwizi," na hapo penseli ilianguka.

Sikugombana na mtu. Nilimwambia mlinzi kwamba amefanya kazi yake sawasawa, na bado nasema hivyo.

Naomba ofisa atazame vitu vitatu. Kwanza, mkoba wa binti wenye simu na kitambulisho chake ulibaki juu ya kaunta muda wote, na bibi yake alibaki dukani kama rehani. Pili, chaja ya ile kompyuta ilibaki kwenye soketi. Tatu, daftari mlilolichukua kwake lina mistari mitano aliyoiandika akitembea: dakika ya tano, ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini, ya ishirini na tano, na chaji imeshuka kutoka tisini na sita hadi sabini na nane. Pembeni mwa kila mstari ameandika "safi." Nimefundisha miaka thelathini na nne na nimewakamata wezi wengi wa mitihani. Sijaona hata mmoja aliyekimbia huku akiandika vipimo.

Kama kuna wa kulaumiwa kwa mashine kuvuka mlango, ni mimi niliyeridhika na kutikiswa kichwa badala ya kungoja neno. Niko tayari kubaki hapa badala yake.

Nimesomewa maelezo haya, nimesahihisha mahali pawili, na mengine yote ni kweli kama nilivyoyasema.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, na kumsomea shahidi. Masahihisho mawili ni yake. Yote mawili yalihusu alama za mkato. Saa 8:15 mchana, kwa ridhaa ya mlalamikaji, kompyuta ileile, ikiwa imejazwa chaji, ilifunguliwa mezani kwangu bila chaja, mbele ya muuzaji, mlinzi, shahidi na mtuhumiwa, na wimbo ulichezwa kwenye spika ya kituo. Muuzaji amekiri mbele yangu kwamba alikuwa na skurubu mdomoni na hakumbuki alitikisa kichwa kwa nini. Ameondoa malalamiko. Binti ameachiwa saa 8:30 lakini amekataa kuondoka kabla kipimo hakijaisha. Mlinzi aliomba ile sehemu ya cherehani irudiwe. Kipimo kimekwisha saa 8:55, dakika arobaini kamili. Sauti haikukatika.