Bibi, Ile Si Sanda, Ni Kanga Yako

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Najua utasomewa barua hii na shangazi, kwa hiyo nianze na yeye. Shangazi, soma yote. Usiruke panaponisema mimi wala panapomsifu mama yako, maana akigundua umeruka atakurudisha mwanzo. Sisi huku Chumbageni hatujambo. Rehema anakusalimu sana na anasema mchele wa Pemba umefika salama. Yule mke mwenzio mwingine naye anakusalimu, yule wa kioo.

Nakuandikia waziwazi, kila mtu asome, kwa sababu nina ombi, na nikikuomba kwenye simu unajifanya mtandao unakata. Safari hii pana mashahidi.

Tangu nikiwa natambaa unaniita mume wangu, kama bibi yeyote wa Tanga na mjukuu wake wa kiume. Nilipomuoa Rehema ulimpokea, ingawa kwa masharti. Lakini siku niliyorudi nyumbani na kamera ulikataa katakata. Uliligusa begi lake kwa ncha ya kidole, ukaona lilivyotandikwa sponji kila upande, ukamgeukia Rehema na kumuuliza kama ameridhika kuletewa mwenza anayelala kwenye godoro nene kuliko lake. Rehema alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kamera ikawa mke mwenzenu. Kabla ya kila safari uliuliza kama mke mwenzio keshakula chaji, na ndani ya gari ulikuwa unamwambia asogee, anakubana.

Wewe na mimi tuligombana kila safari, bibi, na leo nikiyakumbuka nacheka peke yangu. Mimi nilitaka picha za nchi tupu: mlima, maji, anga, basi. Nilikuwa nawaondoa wote mbele yangu, nasubiri wingu likae ninapolitaka. Lile wingu likishakaa, nakuona unaingia kutoka upande wa kulia, umejitengeneza ushungi, unasimama katikati, mikono umeibandika mbavuni kama unayepimwa shati. Ulisema picha isiyo na mtu ni ya nini, mtu akiiona atadhani wenye mahali pao wamefukuzwa. Kule Lushoto ulilifunika bonde zima kwa blanketi la Rehema ulilojitanda kwa baridi, kisha ukaniuliza kama na mlima umetoka. Mahali pekee ulipokataa kuingia kwenye picha ni Tongoni, kwenye yale makaburi ya kale. Ulibaki barabarani, ukasema wenyewe hawajakualika.

Halafu ile siku ya Ushongo. Tulikodi Noah, tukavuka mto Pangani kwa pantoni, na sufuria la pilau ulilipakata njia nzima kwa sababu hukumwamini dereva kwenye matuta. Tulifika jua likiwa la utosi, saa mbaya kabisa kwa mpiga picha. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, yameacha mchanga umejipanga mistari mistari, na huko juu mawingu yamerundikana. Nilikuwa nimepiga magoti nikihangaika na mistari ile. Wewe ulinipita bila neno, viatu mkononi, ukaenda zako kule maji yalikokimbilia. Hukujua kama napiga. Upepo uliivuta kanga yako, ile ya rangi ya chungwa, nawe ukawa umeinama kidogo, unaangalia kitu mchangani, sijui kaa, sijui kombe. Mikono yako ilikuwa imelegea. Nilipiga mara moja tu, kisha ukageuka, ukaniona, ukajipanga wima kama kawaida yako.

Ile picha ya kwanza ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nalisema leo mbele ya watu.

Shida yake ni rangi. Jua lile la mchana liliifanya anga ipauke. Nyuma yako kulikuwa na turubai la buluu limetandazwa juu ya mashua iliyokuwa ikitengenezwa, na kanga yako nayo inapiga kelele upande wake. Jicho halina mahali pa kutulia. Nilijua dawa yake ni moja, niitoe rangi, ibaki nyeusi na nyeupe, ili ionekane mistari ya mchanga, mawingu, na wewe.

Ulikuwa umekaa kando yangu sebuleni na sahani yako ya bajia nilipofungua kompyuta. Nikabofya, rangi zikaondoka zote. Uliacha kutafuna. Nikakueleza kwamba rangi hazipotei moja kwa moja. Kila moja ina mstari wake mdogo wa kusogeza, na mstari huo ndio unaoamua kilichokuwa cha rangi hiyo kiwe cheupe au cheusi. Niliusogeza wa buluu kushoto, anga ikaiva, mawingu yakajitokeza. Ukasema mvua hiyo, na nikaona unaanza kunikubali. Basi nikajitia ufundi. Nilitaka ung'ae, kila atakayeiona akuone wewe kwanza, kwa hiyo nikaushika mstari wa rangi ya chungwa nikausukuma kulia mpaka mwisho.

Kanga ikawa nyeupe. Maua yake yakafutika, maandishi yakafutika, ikabaki nguo nyeupe tupu iliyokuzunguka kuanzia kichwani. Hata uso ukapauka kama uliopakwa poda.

"Mume wangu," ulisema polepole, "umenivika sanda."

Mimi nilicheka, wewe hukucheka. Ulininyooshea kidole ukutani, pale ulipowatundika babu, kaka yako na mama yako, wote weusi na weupe, wote wametangulia. Nikakuambia picha hizo ni za zamani tu, hazikuwa na rangi wakati ule, na siku walipopigwa walikuwa hai.

"Na sasa wako wapi?"

Uliniamuru nikurudishie rangi zako, ukakaa pale unanilinda mpaka nikazirudisha, ndipo ukamalizia bajia.

Baadaye magoti yakaanza kukusumbua na shangazi akakuchukua mkavuka kwenda kwake Wete, Pemba. Nyumba imepwaya, bibi. Nimepiga picha nyingi tangu uondoke, nchi tupu kama nilivyokuwa nikitaka. Mdomo wa mto Pangani asubuhi, mikoko, mashamba ya mkonge yanavyokwenda mpaka mwisho wa macho. Hakuna anayenikatiza. Ni safi, watu wanazisifu, na mimi zinanichosha. Najikuta nimesimama nyuma ya kamera, wingu limeshakaa, kila kitu kimekaa, na bado sibonyezi, nautazama upande wa kulia. Nimekukumbuka mno, na sioni aibu kulisema hilo.

Sasa ombi lenyewe. Nataka kuichapisha ile picha iwe kubwa, nyeusi na nyeupe, niitundike sebuleni. Najua ninaweza kungoja. Wengine wameshaninong'oneza hivyo, kwamba nikae kimya, ipo siku hutakuwepo wa kukataa. Hilo ndilo nisilolitaka hata kidogo. Nataka uione wewe, uitie kasoro wewe, uwaambie wageni kwamba mguu wako si mnene vile, ni kamera ina wivu. Picha uliyoikataa ukiwa hai sitaitundika ukiwa haupo.

Kwa hiyo nimefanya mambo mawili.

La kwanza, niliifungua tena, nikaushika ule mstari wa rangi ya chungwa, safari hii nikauvuta kushoto. Taratibu. Kanga ikaanza kukoza, ikakoza, maua yakarudi pindoni, mpaka ikawa nyeusi. Unajua nilichokiona? Buibui. Uko pale katikati ya mchanga mweupe umejifunga buibui, kama mwanamke wa Chumbageni anayekwenda arusini akapotea njia. Na uso umerudi rangi yake, weusi wako uleule uliowagawia wanao wote. Poda imetoka. Maandishi ya kanga hayasomeki, nalo ni jambo la heri, maana tunajua wote jirani gani uliinunua kwa ajili yake.

La pili, nilirudi Ushongo na Rehema. Nikampa kamera, wake wenza wakaelewana siku moja, nikaenda kusimama mahali uliposimama wewe, viatu mkononi. Nilisahau kulegea. Nimetoka wima, mikono mbavuni, nimefanana nawe kabisa. Nikajitoa rangi, nikajichapisha, nikajitundika sebuleni. Sikujiweka kwa akina babu. Nimejiweka ukuta wa pili, unaotazamana nao, kando ya dirisha, peke yangu.

Asubuhi yake Mama Saumu wa nyumba ya nyuma akaja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Akaiona picha. Akakaa kitini bila kukaribishwa, akamshika Rehema mkono, akamwambia innalillahi, imekuwa lini na mbona hawakuambiwa majirani. Mara mimi nikatoka chumbani na taulo begani kuuliza chai. Bibi, mama yule ana miaka mingi na uzito wake, lakini mlango aliupata kabla sijamaliza kuuliza. Mbuzi aliiacha.

Tangu siku ile idi imepita, nimeugua mafua mara moja, na suruali zimeanza kunibana. Nipo. Naishi mweusi na mweupe ukutani, nakula wali kwa rangi zote mezani. Nimetangulia mimi kujaribu ili usiseme nilikutanguliza wewe.

Basi nijibu. Mwambie shangazi aandike neno moja tu. Ukikataa nitaiweka ile yenye rangi, na turubai lake la buluu, nami sitanuna, au nitanuna kidogo. Ukikubali, sitaitundika mimi. Nitaiegemeza chini ya ukuta mpaka magoti yatakapokuruhusu kuvuka uje. Msumari wa pili nimeshaupigilia kando yangu, upande wa kulia, na nimeushusha kidogo, mahali ambapo mkono wako unafika.

Mumeo, ambaye bado anapumua