Kompyuta Inayojikokota

Kisiwa cha Savai'i, Samoa, 16 Septemba

Mwanangu Sinapati,

Hujambo? Mjukuu wangu Elisaia hajambo? Sisi wazima, ila baba yako goti linamsumbua, na hataki kuambiwa kwamba ni kriketi.

Kompyuta mpya uliyonitumia imefika, asante sana mwanangu. Lakini sura nzuri, kazi hakuna. Nabonyeza herufi, inakuja inapojisikia. Naandika mstari mzima, naenda kugeuza shelisheli motoni, nikirudi ndiyo maneno yanawasili.

Unajua ni mimi ninayewatungia watoto wa kanisa aya za kukariri Jumapili Nyeupe, sikukuu yao ya kuvaa meupe, tangu siku ile uliposimama mbele ya watu ukalia badala ya kusema. Sasa mama mchungaji kasema kijitabu cha aya hizo kisipomfikia kabla ya tarehe tano Oktoba, kazi anampa Vaitoa. Vaitoa! Yule wa kunakili aya za mwaka jana na kubadilisha majina! Nisaidie, nitaaibika.

Mama yako

Logan, 17 Septemba

Shikamoo Mama,

Huku hatujambo. Baba mpe pole, na kriketi yake tumeisikia mpaka Australia.

Usihofu. Kompyuta mpya mara nyingi huja imewekwa kubana umeme. Bonyeza alama ya betri pale chini, chagua nguvu zote. Kisha kwenye programu ya kuandikia zima ukaguzi wa tahajia. Haijui Kisamoa, inahangaika na kila neno.

Binti yako

Savai'i, 24 Septemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimefanya yote uliyosema. Sasa inachelewa kwa nguvu zote.

Cha ajabu, barua hii naiandika na herufi zinakuja mbio. Tatizo ni kwenye kijitabu tu. Jana Vaitoa alipita akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimechoka. Nilimpa chai, lakini sukari sikumwonyesha.

Mama yako

Logan, 25 Septemba

Shikamoo Mama,

Basi ugonjwa umo ndani ya kijitabu chenyewe. Nitumie nikione.

Binti yako

Logan, 30 Septemba

Shikamoo Mama,

Kijitabu nimekipata, na ugonjwa nimeuona. Umeweka picha ya kila mtoto kando ya aya yake, vilevile zilivyotoka kwenye simu. Kila ukibonyeza herufi, kompyuta inazibeba zote mgongoni. Zitoe, itakimbia.

Binti yako

Savai'i, 1 Oktoba

Mwanangu,

Nimtoe nani? Nikimtoa mjukuu wa chifu, hapatakalika hapa. Nikimtoa mtoto wa mjane, Mungu ananiona. Na wazazi wote nimeshawaahidi. Afadhali niandike kwa kuchelewa, hata kama Vaitoa atacheka.

Mama yako

Logan, 2 Oktoba

Shikamoo Mama,

Basi yaishe. Hatoki mtu. Picha zote nimezipunguza uzito, na kijitabu hiki hapa nakirudisha. Malizia aya zilizobaki, upesi.

Binti yako

Savai'i, 4 Oktoba

Mwanangu,

Uzima upo, na furaha tele. Sasa kompyuta inakimbia kuliko vidole vyangu! Nimemaliza, na mama mchungaji amekipokea kwa mikono miwili. Vaitoa kasema kimependeza. Najua lilimtoka kwa shida.

Lakini nina kesi na wewe. Ukurasa wa mwisho nilimweka Elisaia, ukurasa mzima, ile picha ya studio uliyonitumia. Leo namtafuta, kawa kama stempu ya barua. Najua hatakuja kuisema aya yake. Kila mwaka namtungia, halafu naisoma peke yangu jikoni, na ninaumia. Hao wengine sawa, wapunguze. Huyu nirudishie kwa ukubwa wake.

Mama yako

Logan, 5 Oktoba

Shikamoo Mama,

Picha ya Elisaia ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote, na hairudi.

Ukimtaka kwa ukubwa wake, vukeni na feri, wewe na Baba na goti lake, mje kutupokea uwanja wa ndege Faleolo Alhamisi mchana. Tiketi nilikata siku ile ile nilipofungua ukurasa wa mwisho. Nilishindwa kujizuia, nililia kama nilivyolia kanisani. Aya yake ameshaikariri, anaisema mpaka bafuni.

Mshonee shati jeupe. Ila usimpime kwa picha, Mama. Amekua.

Binti yako