Puto Ndani ya Seva

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, tarehe 9

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Je, goti limeacha kukusumbua? Sisi hatujambo. Babu amepata meno mapya, sasa anacheka hata pasipo kichekesho.

Nilikuambia nimepokewa kwa majaribio kwenye ofisi ya seva, na kwamba kati yetu wawili atabakizwa mmoja. Usingizi ulinipaa, maana mwenzangu anaongea kama redio, nami nikiulizwa jambo naangalia viatu.

Kazi yenyewe ni hii. Seva moja kubwa hubeba ndani yake kompyuta pepe nyingi za wateja, yaani zilizoundwa kwa programu tu. Kila moja hudhani iko peke yake, kumbe zote zinagawana kumbukumbu moja, yaani nafasi ya kufanyia kazi. Baadhi huikalia tu, nyingine zinabanwa hadi zinakwama. Kwa hiyo ndani ya kila moja tunaweka programu ndogo tunayoiita puto. Likivimba, kompyuta iliyolala huachia nafasi, nasi tunaipa yenye shida.

Jumanne niliachiwa kazi hiyo peke yangu. Nikaona kompyuta ya mwoka mikate imelala fofofo, nikalivimbisha puto lake hadi mwisho. Mchana ikaamka kupanga oda za kesho, ikakosa pa kukanyaga. Mwenyewe akapiga simu: "Binti, mashine yangu inahema kama imepanda mlima na gunia la unga. Mmeifanya nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini nilimwambia ukweli, kwamba nimeichukulia nafasi yake na ninairudisha sasa hivi. Kisha nikachunguza kila kompyuta huamka saa ngapi, nikaiwekea kiasi cha nafasi ambacho puto halitakigusa. Tangu hapo hakuna iliyokwama, na kompyuta ya zahanati moja iliyokuwa ikijikokota sasa inakimbia.

Ijumaa mkuu wetu akatuita. Akasema, "Anayekosea akapokea simu mwenyewe, huyo ndiye namwachia seva zangu." Akanitazama mimi, Shangazi.

Tulipotoka mwenzangu akanitania, "Haya, Kimyakimya, umeshinda bila kufungua mdomo."

"Nilifungua," nikamjibu. "Kwenye simu."

Akacheka hadi akashika ukuta. Naye hakuachwa: mkuu amemwombea nafasi kwenye dawati la wateja, na huko maneno yake hayatapotea bure.

Nisalimie Mjomba na wale mapacha. Mama na Babu wanakusalimu sana. Mungu akupe afya na usingizi mtamu kama wangu wa tangu Ijumaa.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Kitindamimba wa kaka yako