Tairi za Safari ya Muleba

Ijumaa, Ilemela

Na bado zina kashata, meno yake hayajalika! Hilo ndilo lililoniudhi. Tairi nne nilizozitunza miaka yote kwa safari ya kwetu Muleba, nikizuia hata gari lisiende Buhongwa kwenye mashimo, leo binti yangu Koku amezikataa.

"Baba, hebu tazama ubavuni."

Nikavaa miwani. Nyufa nyembamba, kama za chungu kilichokauka upesi. Jua la uani limezila huku gari limesimama.

"Lakini hazijatembea," nikasema.

"Hazijatembea, ila zimezeeka. Zikipasuka kule Biharamulo na wajukuu wako wako nyuma, utawaambia zilikuwa mpya?"

Nikavua miwani. Dada yangu kule Muleba anaumwa na anataka kuniona. Sitaki apelekewe habari ya ajali badala yangu. Tumebadilisha zote, pamoja na ya akiba, na Koku amepima upepo mwenyewe.

Naogopa kidogo. Si barabara. Nyumba niliyoiacha nikiwa kijana, siijui tena ilivyo.

Zamani nilisema siendi kwetu kwa sababu kivuko cha ziwani kinachelewesha. Daraja likaja. Nikasema tairi zisichakae bure. Sasa mpya zinanukia hapo nje, na kesho alfajiri zinaondoka nami.